Siku Mama Ndeshi Alipokaa

Ndugu zangu, niwape habari ya mama mmoja wa huku migombani. Tumwite Mama Ndeshi. Ukitokea msiba, mpishi ni yeye. Harusi, ni yeye. Na hakutaka msaada. Ukigusa mwiko wake, anakuondoa kwa upole.

Basi akapatikana na saratani ya shingo ya kizazi, tena imeshasambaa, haifai kupasuliwa. Daktari akamweleza, "Mama, huu uvimbe unaota mishipa yake ya damu, ya kujiletea chakula. Pamoja na dawa za saratani tutakupa dripu ya kuzuia mishipa hiyo isiote. Tukiunyima damu, uvimbe utadhoofu."

Dawa ikamkubali. Vipimo vikaonyesha uvimbe umesinyaa, na mama akarudi kwaya. Ila daktari alikuwa amemwonya: "Hata kidonda hupona kwa kuota mishipa mipya. Kwa hiyo ukijikata sasa, utachelewa kupona. Visu waachie wengine."

Mnadhani aliwaachia?

Ikafika sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Asubuhi wifi yake, mke wa kaka yake, akamkuta jikoni anamenya ndizi, kidole kimefungwa kitambaa kilicholowa damu.

"Wifi, nipe hicho kisu."

"Ndizi zangu huziwezi."

"Siziwezi. Kaa hapo unielekeze."

Mama Ndeshi akampa kisu. Kisha akakaa. Akaelekeza, akaelekeza, mwisho akanyamaza. Mchana akaletewa sahani, akala nyumbani kwake chakula ambacho hakukipika. Chumvi ilizidi kidogo. Akaomba aongezewe chakula.

Baadaye nikamsifu yule wifi kwa kumsaidia mgonjwa. Akaniambia, "Mchungaji, mimi ndiye niliyesaidiwa. Tangu niolewe katika ukoo huu nilikuwa mgeni. Leo ndiyo nimeingia jikoni."

Mnamsikia? Sisi tunaopenda kutoa na hatujui kupokea, tumewaacha wangapi nje? Tunamwomba Mungu uponyaji, naye anatuletea dawa, anatuletea daktari, anatuletea na wifi. Dawa tunaipokea. Daktari tunamshukuru. Wifi je?

Yuko mtu ambaye hujawahi kumruhusu akufanyie lolote. Unamjua. Ukitoka hapa, mpigie simu, umwambie aje.