Suti Nyeupe ya Kiboko na Ukoko wa Bibi Nguchiro

Paukwa!
— Pakawa!
Sufuria!
— Ya nani?
Ya Bibi!
— Chini ina nini?
Ukoko!
— Basi usiugawe kabla hatujaketi!

Haya, ketini.

Palikuwa na Nguchiro. Mwili wake ulikuwa mdogo kama mwiko, lakini maneno yake yalijaa kapu. Aliishi karibu na mto pamoja na bibi yake, katika nyumba ya makuti. Wengine husema ilikuwa ya bati. Haikuwa ya bati.

Bibi Nguchiro alikuwa mpishi. Akipika wali wa nazi, jirani wa nyumba ya tatu alijua tui limeingia. Akipika mchuzi wa samaki wenye manjano, watu walipita kwake kuuliza habari ambazo walikwisha kuzijua.

Lakini nyuma ya matete aliishi Kiboko. Na Kiboko alikuwa na pua.

Katika kijiji kile, kama katika kila kijiji chenye adabu, ukikutwa unakula husemi "Toka." Unasema "Karibu." Na mwenye kukaribishwa, akiwa na adabu, hujibu, "Ahsante, endeleeni." Akizidi sana atamega tonge moja, amsifu mpishi, ainuke. Kiboko alijifunza neno la kwanza tu, hilo la pili hakulijua.

Gudu! Gudu! Gudu!

"Hodi! Mnakula?"

"Karibu," Bibi husema, maana angesema nini?

"Nimekaribia!"

Chapu! Chapu! Chapu! Wali umekwisha. Fyooo! Mchuzi umekwisha. Kisha Kiboko huiinua sufuria, kwaru, kwaru, kwaru, akakwangua ukoko wote mpaka sufuria ikang'aa. "Mpishi yupo!" husema, akaenda zake akibeua.

Ilikuwa hivyo wakati wa mavuno. Ilikuwa hivyo wakati wa sikukuu. Ilikuwa hivyo hata siku ya matanga, na siku hiyo ya matanga Kiboko aliomba na limau.

Asubuhi moja Bibi akamwita mjukuu wake.

"Mume wangu, njoo." Ndivyo alivyomwita. Akafungua kinywa, akasukuma jino kwa ulimi. "Lione hili."

"Linacheza, Bibi."

"Na hili?"

"Nalo linacheza."

"Basi ndiyo hayo, mengine hakuna. Yakitoka haya, mimi na uji, uji na mimi. Nautaka ukoko wa sufuria yangu, mume wangu. Niutafune mwenyewe, niusikie unavyolia. Kesho napika."

"Na Kiboko?"

"Nitamkaribisha. Sikulelewa kufukuza mgeni, na sitaanza leo nikiwa na meno mawili."

Nguchiro akakuna kichwa. Moshi haufichiki. Harufu ya nazi haifungiwi mlango. Na Bibi hatamfukuza mtu. Basi Kiboko mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, lazima aseme "Endeleeni." Neno hilo halijapata kupita kwenye koo lile. Litatokaje?

Akafikiri. Akaruka. Tiki-tiki-tiki, mbio mpaka gulioni.

Huko gulioni Kunguru alikuwa amepanda juu ya lundo la mitumba, anapiga makofi kwa mabawa. "Chagua, chagua! Mama chagua, baba chagua! Mzigo umefunguliwa sasa hivi!"

"Kunguru, una nguo kubwa?"

"Kubwa kiasi gani, kaka?"

"Kubwa kama uroho."

"Hiyo ninayo." Kunguru akazama kwenye lundo, akaibuka na suti pamoja na viatu vyake. Suti nyeupe pe! Nyeupe kama tui la kwanza! "Ilikuwa ya Tembo mmoja mwembamba, bwana arusi. Bibi arusi akakimbia, suti ikabaki."

"Ina kasoro?"

"Sikufichi. Kasoro yake ni huo weupe. Vumbi linaifuata. Tope linaifuata. Na likiidondokea tone la manjano, kaka, usifue. Zika."

Nguchiro alitaka kupiga kelele kwa furaha. "Hiyohiyo! Nayo simu yako ya kupigia picha, uje nayo."

"Nitapata nini?"

"Kichwa cha samaki."

"Chenye macho yote mawili?"

"Yote mawili, na mashavu yake."

Kunguru akafunga biashara palepale.

Wakamkuta Kiboko ameketi kwenye tope lake. "Shikamoo, mjomba," akasema Nguchiro.

"Marahaba. Bibi amepika?"

"Kesho, mjomba. Watu watajaa. Hebu kwanza tukupige picha."

Chwaka! Kunguru akamwonyesha.

"Huyu nani?" akauliza Kiboko. "Mchafu huyu, mwenye majani sikioni?"

"Wewe, mjomba."

"Mimi?"

Maskini Kiboko! Maisha yake yote alikuwa amejitazama kwenye maji ya tope, na maji ya tope hayamsemi mtu vibaya. Akayatoa yale majani sikioni.

"Usihuzunike," akasema Nguchiro. "Dawa tunayo."

Wakamsugua. Wakamkausha. Wakamvika. Vuta suruali! Vuta tena! Kaza tumbo, mjomba! Usipumue! Kifungo, haya! Chwaka!

"Na huyu nani?"

"Wewe vilevile."

"Lo! Lo! Lo! Mimi huyu? Piga tena! Piga ubavuni! Piga nikicheka! Piga nimekasirika kidogo!"

Chwaka! Chwaka! Chwaka! Mpaka simu ikapata joto.

Kesho yake Bibi akapika. Tui likaingia, wali ukapaliwa makaa, mchuzi ukachemka pwata, pwata, pwata, wa manjano kama ua la boga. Majirani wadogo wadogo wakauzunguka mkeka. Sinia likatua katikati. Kila mmoja akanawa, kila mmoja akatega sikio. Wakasubiri gudu, gudu, gudu.

Hawakuisikia. Walisikia nya, nya, nya. Kiboko alikuwa ananyata, anainua viatu juu ya vumbi kama jogoo aliyekanyaga majivu.

"Hodi."

"Karibu!" akapaza sauti Nguchiro, kuliko wote.

"Nime..." Kiboko akautazama mkeka. Mkeka ulikuwa na chembe za majivu. Hakuketi.

"Jamani, ni bwana arusi?" wakanong'ona majirani. "Lo, amependeza!" Chwaka, ikasema simu. Kiboko akatabasamu. Tumbo lake halikutabasamu. Ngurrrr!

"Mjomba, keti ule."

"Nitakula nimesimama." Akanyoosha mkono kwenye sinia. Mchuzi ukaruka kidogo, pwata! Mkono ukarudi upesi. Akautazama mkono wa koti. Mweupe bado. Ngurrrr!

"Basi ngoja nivue," akasema Kiboko, akashika kifungo.

Moyo wa Nguchiro ukaruka paa! Bibi akaikumbatia sufuria.

"Vua, mjomba, vua!" akasema Nguchiro. "Kunguru, weka simu tayari. Mjomba anavua, tumbo litoke lote."

"Lote?" akauliza Kiboko.

"Lote. Na picha haina miguu lakini hutembea. Jioni itakuwa imefika ng'ambo."

Kiboko akakiacha kifungo. Akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. Kisha macho yakamng'aa.

"Basi nilisheni!"

Akapanua kinywa. Aaaaa! Kinywa kama mlango wa ghala! Kinywa kile kingemeza sinia, mchuzi, sufuria na ukoko wake, na mwiko juu. Majirani wakarudi nyuma. Bibi akayagusa meno yake mawili kwa ulimi, moja, jingine, kama anayaaga.

Nguchiro akainuka. Akachukua upawa, akauchovya kwenye mchuzi, akaujaza mpaka ukingoni. Upawa ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Akaubeba kwa mikono miwili, miguu ikatetemeka, upawa ukatikisika.

To! Tone likaanguka kwenye mkeka.

"Panua, mjomba, nakuja!"

To! Tone likaanguka karibu na kiatu.

"Aa! Taratibu!"

"Mzito, mjomba, na mimi mdogo! Lakini nitajitahidi! Likikudondokea moja tu, unisamehe!"

To! Tone likapita hivi, mbele ya kifua, uzi mmoja tu.

"Rudi nyuma!" akapiga kelele Kiboko.

"Karibu, mjomba!"

"Rudi, nakwambia!"

"Hapana, karibu! Bibi atasikitika! Karibu sana!"

"Ahsante!" Kiboko akarudi kinyumenyume, mikono yote miwili kifuani. "Ahsante! Nimeshiba! Endeleeni! Endeleeni!"

Endeleeni! Mmesikia? Wote walisikia! Mikono yote ikaingia siniani kwa pamoja, chapu, chapu, chapu! Kunguru akapewa kichwa, macho mawili, mashavu mawili. Akaiweka simu chini. Ndipo ilipopumzika.

Bibi peke yake hakugusa wali. Aliipindua sufuria juu ya ungo. Pu! Ukatoka ukoko mzima, mviringo, rangi ya asali, hata ukingo wake haukuvunjika. Akaumega. Akauuma.

Kwaru!

"Umeusikia, mume wangu?"

"Nimeusikia, Bibi!"

Kwaru! Kwaru! Kwaru... to. Jino likatoka.

"Bibi! Jino!" akalia Nguchiro.

Bibi akalitoa, akalitazama, akalirusha juu ya paa la makuti. "Hilo limekwisha kazi yake," akasema. Akauhamishia ukoko upande wa pili.

Na Kiboko? Alifika mtoni, akasimama ukingoni. Jua kali. Njaa kali. Tope lake lilikuwa mbele yake, laini, la baridi, linamwita. Akaitazama suti. Akalitazama tope. Akaitazama suti. Bwaaa! Akajitosa. Suti ikapasuka mshono kwa mshono, tra, tra, tra, na suruali ikaelea mpaka mahali watu wanapofulia, wote wakaiona. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hukaa majini mchana kutwa, ametoa macho na masikio tu, hutoka kula majani giza likishaingia. Anaogopa kuulizwa ile suti iko wapi.

Watoto, funzo la hadithi hii ni moja, tena mlishike. Msipende anasa. Nguo nzuri, simu za picha, wali wa nazi na ukoko wake, vyote hivyo ni upuuzi, havijamfaa mtu hata siku moja. Hata Bibi Nguchiro alitaka kuwaambia maneno hayohayo, ila kinywa chake kilikuwa na kazi.

Sufuria nimeifunika, makaa nimeyafukia. Mwenye njaa akapike yake.