Jina Alilolitaja Zawena

Hapo zamani, si ile ya wafalme bali ile ambayo mama zetu waliiona kwa macho, palikuwa na mbunge mwanamke aliyeitwa Zawena Likongwe. Jimbo lake lilikuwa Namkomela, mji wa kusini kunakolimwa korosho.

Mji ule ulikuwa na jumba moja la jamii. Wakazi walilijenga wenyewe, kila nyumba ikileta mawe yake, wapate pa kufanyia mikutano, harusi na ngoma. Zawena mwenyewe alijifunza kucheza humo akiwa na miaka saba. Kisha, kwa kibali cha Serikali, wafanyabiashara wakaliazima jumba kwa msimu mmoja kuwekea magunia yao ya korosho, na msimu mmoja ukawa miaka kumi na mmoja.

Vijana wa ngoma wakakosa pa kwenda. Wakipiga uwanja wa shule, mwalimu mkuu anawafukuza. Wakipiga sokoni, mgambo anawafukuza. Wakaenda kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji, kwa kuwa huko hapakuwa na mtu wa kuwafukuza.

Miongoni mwao alikuwamo Mshamu, mwenye miaka kumi na tisa, kitinda mimba wa Bi Somoe. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda. Asubuhi moja Mshamu aliwasha moto uani, akakausha ngozi ya ngoma yake, akaijaribu kwa viganja. Mama akatokea mlangoni.

"Eda ya baba yako sijaimaliza, na wewe unapiga ngoma? Ondoka nayo. Usirudi nayo humu."

Mshamu aliibeba ngoma begani. Aliondoka nayo. Adhuhuri mvua ikanyesha, na ukingo wa machimbo ukamporomokea. Walipomfukua, ngoma waliikuta juu ya jiwe, imefunikwa kwa shati lake. Ilikuwa kavu.

Mji wote ulijua kwamba Mshamu amefia machimboni. Maneno ya uani haukuyajua.

Siku ya arobaini Bi Somoe alimwita Fikirini, rafiki wa marehemu na kiongozi wa kikundi. Akamkabidhi ile ngoma, na pamoja nayo akamwambia yale maneno, maana alikuwa hawezi tena kukaa nayo peke yake.

"Hili liishie hapa, mwanangu."

"Litaishia hapa, mama."

Haukupita muda Zawena akaja jimboni. Fikirini akamfuata nyumbani kwake.

"Mheshimiwa, swali letu la jumba limefika wapi?"

"Limepangwa wiki ijayo."

"Na jibu?"

"Jibu ninalijua tangu leo. Watasema wanalifanyia kazi."

"Hata magunia yenyewe yamechoka kusubiri."

Zawena alicheka kidogo, kisha akaacha. "Fikirini, nipe kitu. Wale wamezoea maombi, wanayasikiliza huku wanasinzia. Nipe kitu kitakachowafanya wanyanyue vichwa."

Fikirini aliufunga mlango. Kisha akamwambia maneno ya uani.

"Lakini hili liishie hapa. Sema kijana mmoja, basi. Usitaje jina."

"Sitataja," Zawena alisema, naye alikusudia hivyo kweli.

Bunge lile lilikuwa na utaratibu wake. Mbunge anauliza swali lake la msingi, anajibiwa, kisha anapewa maswali mawili ya nyongeza, asizidishe hata moja. Zawena aliuliza la msingi: jumba la Namkomela litarudishwa lini kwa vijana na vikundi vya sanaa? Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa sanaa na inalifanyia kazi. Akauliza la nyongeza la kwanza: kwa sasa vijana hao wafanyie wapi mazoezi? Waziri akajibu kwamba viwanja vya shule vipo. Nyuma ya Zawena sauti moja ikasema, "Kaa chini, mama, ngoma haziliwi," na baadhi wakacheka.

Likabaki moja.

"Mheshimiwa Spika, kijana mmoja wa Namkomela aliambiwa nyumbani aondoke na ngoma yake. Jumba la jamii limejaa magunia. Akaenda machimboni, ukingo ukamwangukia, akafa. Je, Serikali inasubiri afe wa pili?"

Waliokuwa wakicheka wakaacha. Lakini mbunge mmoja, mtetezi wa wenye magunia, akasimama kuhusu utaratibu, kudai kanuni imevunjwa. "Mheshimiwa Spika, kila siku tunaletewa kijana mmoja asiye na jina wala kwao. Nani huyo? Nani aliyemwambia aondoke? Hii ni hadithi ya kutungwa."

Spika akamgeukia Zawena. "Mheshimiwa Likongwe, thibitisha kauli yako sasa hivi, au uifute."

Zawena aliwaza kumbukumbu za Bunge, ambazo hazichomwi wala hazisahau. Akifuta, itaandikwa kwamba kifo kile kilitungwa. Akithibitisha, ameivunja ahadi yake. Alivuta pumzi moja.

"Anaitwa Mshamu Saidi Nampanda. Aliyemwambia aondoke ni mama yake mzazi, Bi Somoe. Alikuwa edani, Mheshimiwa Spika, na nyumba yenye msiba haikustahimili ngoma. Mwenye kosa ni aliyelifunga jumba."

Waziri akasimama bila karatasi. Aliahidi kwamba siku kikao cha mwisho kitakapoahirishwa, ataweka sahihi amri ya kulirudisha jumba, na magunia yatatoka.

Wakati huo Bi Somoe alikuwa barazani kwake anapepeta kunde pamoja na majirani sita. Yeye ndiye aliyewaalika, na redio ilikuwa yake. Wakati wa uchaguzi alipita nyumba kwa nyumba akiwa amejifunga kanga yenye sura ya Zawena, na siku ile alitaka wamsikie mtu wake. Walimsikia. Mmoja akasema maji yake yako jikoni, akachukua ungo wake akaondoka. Wa pili naye akachukua ungo wake. Wa tatu hakutoa sababu. Mwisho akabaki wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Siku zile zote tulikuwa tunakupa pole," wifi alisema. "Kumbe wewe ndiye uliyemtoa."

Tangu siku hiyo upande wa mume haukukanyaga tena pale.

Zawena alipiga simu mara nne kuomba radhi. Mara nne Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho, akakata. Kisha akafunga safari ya siku moja na nusu kwenda kwenye mji wa Bunge. Fikirini alimsindikiza na kumbebea mfuko wake. Walifika Alhamisi, na kikao cha mwisho kilikuwa Ijumaa.

Zawena akawapokea katika chumba kidogo cha wageni. Alitaka kupiga magoti, Bi Somoe akamzuia kwa mkono.

"Sikuja kuombwa radhi. Umeshaniomba. Nimekuja kukutuma. Yafute palepale ulipoyasemea."

"Mama, niliambiwa nithibitishe au nifute. Ningefuta, Mshamu angeandikwa kuwa uongo."

"Afadhali angekuwa uongo kwao, akabaki wangu."

Zawena akasema taratibu, "Nimemuuliza karani wa Bunge. Kufuta kunawezekana. Lakini ahadi ya Waziri imesimama juu ya maneno yale, na sahihi bado. Nikiyaondoa, hana kinachomfunga. Wenye magunia wanangoja hilo tu. Msimu umekaribia."

"Hayo ni ya kwenu."

"Mama," Fikirini akaanza.

"Wewe nilikupa ngoma. Mdomo sikukupa."

"Ni kweli. Kosa langu ndilo lililoyazaa mengine, na nitalibeba. Lakini vijana thelathini na wawili bado wanapigia machimboni. Hata siku tuliyoondoka walikuwako, na mawingu yalikuwa yametanda. Jumba lisipofunguliwa, safari hii nitamfukua nani?"

"Jumba hilo nimelibebea mawe nikiwa msichana, wewe baba yako hajaoa. Usinifundishe habari za jumba."

"Sikufundishi, mama. Nasema tu kwamba Mshamu alivua shati lake mvuani akaifunika ngoma. Hakuwa amekasirika. Mtu aliyekasirika angeitupa."

Bi Somoe alitazama dirishani. Walidhani amelainika. Aliporudisha uso, sauti yake ilikuwa ileile.

"Niliyasema. Sikatai. Nayasikia kila nikipita uani. Lakini yalikuwa maneno ya mama kwa mwanawe. Sasa mimi nitakufa, na wajukuu zangu watasoma kwamba bibi yao alimfukuza mtoto akafe. Wewe Fikirini ulikuwa na haki ya ngoma. Wewe Zawena ulikuwa na haki ya kura yangu. Mlichochukua hakikuwamo katika hivyo viwili."

"Nikifuta, na wa pili akafa?" Zawena aliuliza.

"Basi utakuwa umejua ninavyolala mimi."

Bi Somoe akauchukua mfuko wake, akatoka.

Ijumaa Bi Somoe na Fikirini waliketi juu, mahali pa wageni. Spika akawatambulisha: wageni wa Mheshimiwa Likongwe, mama mzazi wa kijana Mshamu pamoja na rafiki yake. Wakaombwa wasimame. Wabunge wakapiga meza kwa heshima, kwa muda mrefu, na Bi Somoe akasimama katikati ya makofi hayo, mikono ameshika ncha za kanga yake, uso hautikisiki. Ilikuwa ni ile kanga ya uchaguzi. Alikuwa ameivaa upande wa sura ndani.

Waziri alikuwa kwenye kiti chake, kalamu mfukoni. Yule mtetezi wa wenye magunia alikuwa kwenye kiti chake, amekunja mikono. Zawena aliomba nafasi.

"Mheshimiwa Likongwe, una dakika moja," Spika alisema.

Zawena alisimama, akawasha kipaza sauti. Alitazama juu. Fikirini alikuwa akimtazama yeye, na midomo yake ilikuwa ikihesabu, labda sekunde, labda vijana. Bi Somoe hakumtazama. Alikuwa ameinama kama mtu anayesikiliza redio.

"Mheshimiwa Spika," Zawena alisema, "kuhusu kauli niliyoitoa ndani ya ukumbi huu..."

Hapo ndipo walioniachia hadithi hii walipoishia, nami siongezi. Mama alimtamkia mwanawe neno, akataka likae baina yao. Rafiki alilitoa neno hilo ili wenzake wasife. Mbunge alilitaja jina ili jumba lifunguke. Na Mshamu, ambaye hakuulizwa na yeyote, alivua shati lake.

Dakika ni moja, enyi mliokaa hapa. Msinijibu upesi. Zawena amalizie vipi sentensi yake, na katika hao, nani alistahili kusikilizwa?