Pimbi na Mzigo wa Jirani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wenye maneno, Pimbi aliishi na mkewe na mama yake mzazi. Mama alikuwa mzee, na macho yake yalianza kuingia ukungu.

Mganga akamtazama, akasema, "Dawa ipo, ila inaota ng'ambo ya jangwa, nchi ya kigeni. Mwezi mwingine ukiandama hajatiwa, hataona tena."

Kufika ng'ambo ni siku saba za mchanga wa moto. Na Pimbi mnaijua miguu yake. Mnacheka? Haya, chekeni mmalize.

Siku hizo Tembo na Nyati walikuwa wamealikwa harusi huko huko ng'ambo. Pimbi akaenda kwa Tembo.

"Hodi!"

"Karibu! Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi jirani yako, Pimbi. Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema."

"Mama anapofuka, mzee. Dawa iko ng'ambo. Naomba nipande mgongoni mwako."

Nyati alikuwa pale pale, anapaka pembe zake mafuta. Akacheka, "Hoo! Hoo! Twende harusini tumebeba pimbi? Watu watatuonaje?"

"Umesikia," Tembo akasema, huku anakunja kanzu ya saba.

Pimbi aliumia, lakini hakuondoka. Aliutazama mzigo wao. "Maji mmeshaweka?"

"Maji ya nini? Harusini kuna kila kitu."

"Chakula cha njiani je?"

"Nikishiba njiani, pilau nitaitia wapi?"

"Na mwenyeji wa kuwapokea mpakani? Nasikia wanauliza."

"Mwenyeji!" Tembo akapiga mguu chini, puu! "Nani atanizuia mimi na mwili huu?"

Pimbi akaaga, akaenda zake nyumbani. Siku ile ile akamtuma mbayuwayu kwa shemeji yake aliyeolewa ng'ambo, na barua ikarudi kabla wakubwa hawajamaliza kupiga pasi.

Sasa sikilizeni. Kwao akina Pimbi kulikuwa na ada. Mtu akisafiri, jirani akamletea mzigo wa kumpelekea ndugu, haukatai wala haufungui. Akiukataa, safari yake imeingia nuksi. Akiufungua, hapewi salamu tena maisha yake yote. Tembo na Nyati hawakumwogopa hata simba, lakini nuksi waliiogopa sana.

Asubuhi ya safari mke wa Pimbi akafika, anahema.

"Mume wangu hayupo kuwaaga. Ana huzuni. Ila kuna vimizigo vidogo tu, mpelekeeni mjomba. Atajitokeza mwenyewe mpakani."

Vidogo! Nyati alitwishwa mitungi miwili ya maji na gunia la mihogo mikavu. Tembo akapewa kikapu kilichoshonwa kifuniko.

"Taratibu na hicho, mzee. Kina mayai."

"Hivi vidogo, vikubwa vikoje?" Nyati akanong'ona.

"Ada ni ada. Twende."

Wakaenda. Siku ya tatu koo ziliwakauka. Mgongoni kwa Nyati mitungi ilikuwa inasema chubwi, chubwi, chubwi.

"Nyati, tuonje kidogo tu?"

"Maji ya watu hayo. Na nuksi je?"

Wakakaza mwendo. Kutoka kwenye kikapu kukasikika kacha, kacha, kacha.

"Nyati! Mayai yanatafuna!"

"Mzigo wa mtu hauulizwi, Mzee Tembo. Tembea."

Siku ya saba wakafika mpakani, midomo imepasuka, mbavu zinahesabika. Mbuni, mlinzi wa mpaka, alikuwa ameketi kwenye kiti, miwani puani.

"Karibuni. Nchi yetu ni kavu. Mgeni huingia na maji ya siku tatu, chakula cha siku tatu, na barua ya mwenyeji. Nionyesheni."

Tembo akafungua mzigo wake. "Kanzu saba."

"Zinanyweka?"

Nyati akatoa kichupa. "Mafuta ya pembe."

Mbuni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Rudini kwenu."

"Siku saba bila maji? Tutakufa!" Tembo akalia, machozi yale ya tembo, ndoo nzima.

"Hiyo mitungi ni ya nani?"

"Si yetu. Ya jirani yetu Pimbi, anampelekea mjomba."

"Mjomba mwenyewe yuko wapi?"

Kifuniko kikafanya krrr! Pimbi akachomoza, ndevu zimejaa unga wa muhogo.

"Mjomba ni mimi. Nina wapwa kumi na wawili, waulizeni. Bwana Mbuni, maji yangu hayo, chakula hicho, na hii barua ya shemeji."

Mbuni akasoma, akagonga muhuri, tap! "Pita. Na hawa wawili?"

Pimbi akawatazama. Aliikumbuka hoo, hoo ya Nyati, na alitamani kusema, "Siwajui." Tembo akapiga magoti.

"Jirani! Mwenye mizigo! Shikamoo!"

Shikamoo, Tembo kwa Pimbi! Sikuwepo, lakini nimeambiwa.

"Marahaba," Pimbi akajibu. "Bwana Mbuni, hawa ni wapagazi wangu."

"Wapagazi hunywa maji ya bwana wao," Mbuni akasema, anaandika. "Huingia kwa mlango wa nyuma, hukaa na mizigo. Harusini hawaendi."

Wakanywa. Kisha wakaketi kwenye mizigo siku mbili, wanasikia ngoma ya harusi upande wa pili wa ukuta, na harufu ya pilau inawapita puani. Pimbi akatafuta dawa akaipata, akajaza mitungi, akapanda shingoni kwa Tembo bila kuomba.

Mwezi haujaandama, mama akatiwa dawa. Papo hapo akafumbua macho, akatazama mlangoni kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "wale wawili wakubwa wanaoshusha mizigo yako, umewapa chakula?"

Safari haiulizi ukubwa wa msafiri, huuliza alichofunga.