Kikombe cha Kwanza cha Gongo

Mtemi Kapalata alitangaza kuwa gongo, ile pombe kali ya kienyeji, ilibuniwa na babu yake, na watu wa ng'ambo ya mto waache kujigamba kuwa ni yao. Kwa hiyo kila mpika gongo amletee kikombe cha kwanza kinachodondoka mtamboni, hata tone lisipungue.

Nyanjige, mjane aliyepika gongo tangu usichana wake, hakubisha. Alikipeleka mwenyewe.

"Unywe hadharani, Mtemi, watu waone haki ya babu yako."

Mtemi akainua kikombe. Nyanjige akamdaka mkono.

"Kumbe babu hakukwambia? Kikombe cha kwanza ni sumu, kinapofua macho. Aliyewahi kupika gongo hata siku moja anajua kuwa humwagwa."

Watu wakaangua kicheko.

"Nilijua!" Mtemi akafoka. "Nilikuwa nawapima."

"Sawa, Mtemi," akasema Nyanjige. "Basi tukuletee kila asubuhi?"