Kisima cha Ndurya

Jiwe ni mwana wa tope. Masika humrudisha kwao. Mmeyasikia maneno haya asubuhi, mkaniuliza yalikotoka. Yalianza hivi.

Bara ya Kwale, mahali ambapo vijito vina maji ya chumvi, aliishi mwashi aitwaye Ndurya na mkewe, Mbeyu. Mbeyu alikuwa mjamzito, na kila siku alipanda kilima kwenda kuteka maji ya kunywa. Ndurya akamchimbia kisima nyuma ya nyumba. Maji matamu yakapatikana. Ikabaki kujengea ukuta wa mawe ndani, udongo usije ukaporomoka.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mawe ya kijivu, tabaka juu ya tabaka, yaliyopasuka kwa urahisi yakawa vibao. Mbeyu akayafurahia. Ndurya akaokota kimoja, akakipulizia pumzi, akamsogezea mkewe puani.

"Kinanuka nini?"

"Sakafu ya udongo iliyomwagiwa maji."

"Hili ni tope la zamani, Mbeyu. Lilikandamizwa likawa jiwe. Jiwe la mchanga, lile gumu, liko ng'ambo ya kilima. Nipe mwezi mmoja nilibebe."

Mbeyu akakaa, akaishika miguu yake iliyovimba. "Mwezi mmoja sitauweza, mume wangu. Mvua bado iko mbali. Jengea haya."

Ndurya akajengea yale yale.

Kiangazi chote ukuta ulisimama. Mtoto akazaliwa, akaogeshwa kwa maji ya kisima kile. Masika yalipoanza, maji yakageuka kijivu. Ndurya akachungulia, akaona ukuta umetoa tumbo. Alimkataza mkewe kusogea, akashuka kwa kamba ili ayaondoe mawe kabla hayajakifukia kisima. Mbeyu akasikia kishindo kizito, kisha kimya.

Majirani walichimba mpaka jioni ndipo wakamtoa, amekwisha kufa. Mzee mmoja akasema mawe yale yaliwahadaa. Mbeyu akaokota kipande. Kikamlainikia mkononi kama uji.

"Hayakutuhadaa," akasema. "Ndurya alinionyesha kwao ni wapi, nami nikamjibu mvua iko mbali."

Tangu hapo, mtu akishika kilicho karibu huku akijua asili yake, watu wa kule hawamfokei. Humwambia tu, kwa sauti ya chini: jiwe ni mwana wa tope, masika humrudisha kwao.