Kamba Ndefu ya Bi Siwema

"Kamba ya mtumbwi haipimwi kwa maji ya leo." Juzi mlinisikia nikimwambia baba yenu maneno hayo, mkacheka, mkauliza nimeyatoa wapi. Basi someni, wanangu. Methali hii ilianza hapa hapa kwetu Rufiji, na ilianza hivi.

Zamani watu wetu walilima mpunga bondeni, ukingoni mwa mto. Mpunga ukianza kubeba, walihamia shambani kuamia ndege, wakalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu. Mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo ya dungu.

Mwaka mmoja masika yalichelewa. Mto ukanywea mpaka watu wakawa wanauvuka kwa miguu, maji magotini. Kijana mmoja, Mtulia, alikuwa shambani na mkewe Somoe, mwenye mimba ya kwanza, tena kubwa. Mtulia akaufunga mtumbwi kwa kamba fupi, ubavuni kabisa mwa ngazi, ili Somoe akishuka asikanyage tope. Alifanya hivyo kwa kumpenda.

Jirani yao alikuwa mjane, Bi Siwema. Kamba ya mtumbwi wake ilikuwa ndefu, imelala topeni mizunguko kwa mizunguko. Mtulia akamtania.

"Shangazi, kamba hiyo si inafunga mbuzi wa kijiji kizima?"

"Mbuzi sina, baba. Nina mto tu. Na wewe uongezee mtumbwi wako kamba."

"Maji yenyewe yako wapi, shangazi? Hata kambare siku hizi wanakwenda kwa miguu."

Bi Siwema akacheka naye, hakubishana.

Siku ya tatu yake Mtulia alivuka kwa miguu kwenda kijijini kumleta mkunga. Jua lilikuwa kali, wingu hata moja hakuna. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi huko juu, milimani, tusikokuona.

Somoe alijilaza mchana ule, maana mgongo ulimuuma. Kilichomwamsha ni maji yanayogonga miti ya sakafu. Akachungulia, shamba halipo. Mtumbwi nao haupo. Maji yalipopanda, kamba fupi iliushika pua, ukashindwa kupanda nayo, ukajaa, ukazama pale pale ulipofungwa. Fundo lilikuwa chini ya maji, mkono haulifikii.

Ng'ambo, Mtulia alikuwa amesimama na mkunga. Hana chombo. Alichoona ni paa la dungu tu, akaita mpaka sauti ikakauka.

Ndipo Bi Siwema akatokea kwenye mtumbwi wake, anasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, polepole, kama mtu anayekwenda kuomba moto kwa jirani.

"Somoe, mwanangu, usisimame. Keti hapo mlangoni, teremsha miguu, uniegemee."

"Shangazi, siwezi. Mtoto anasukuma."

"Mwambie asubiri kidogo. Mwambie bibi yake amekuja."

Somoe akacheka huku analia, akateremka. Hawajafika mbali, dungu likalala majini nyuma yao, na mpunga wote chini yake.

Walipofika ng'ambo Mtulia aliingia majini mpaka kifuani kuwapokea. Akamtazama mkewe, kisha akashindwa kumtazama Bi Siwema.

"Shangazi, ile kamba niliyoicheka..."

"Ishike basi," Bi Siwema akasema, akamtupia. "Tafuta mti. Na uiache ndefu."

Mtoto alizaliwa jioni ile ile, wa kike, akaitwa Siwema. Ndiye bibi yenu, mama yangu mimi. Mtulia ndiye aliyeitunga methali yetu, akazeeka akiwaambia vijana wote, hata wasiomuuliza.

Kwa hiyo nikiwazuia kuvuka kwenda kucheza ng'ambo, msiniambie mama ana woga, wala msinionyeshe kwamba maji ni ya magotini. Ya magotini nayaona. Kamba ya mtumbwi haipimwi kwa maji ya leo.