Baba Haibi Chake

Hebu niambieni, nyinyi mnaojua kila kitu: mtu anaweza kuiba chake?

Mji mmoja wa mpakani ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Bibi Saru alijaliwa moyo: mgeni hakutoka kwake na njaa. Koplo Mutinda alijaliwa sikio: aliusikia uongo kabla haujatoka mdomoni. Afisa Odera wa uhamiaji alijaliwa jicho: cheti feki alikijua kikiwa bado kwenye bahasha.

Wakesho, binti ya Bibi Saru, hakuwa na kipaji. Alikuwa na oda ya korti tu: mwanawe Mghoi, miaka minne, alale kwa mama, naye baba yake, Kileo, aje kumtembelea.

Wakesho akiwa sokoni, Kileo akabisha hodi. “Shikamoo mama mkwe. Nikamnunulie mwanangu viatu, narudi.” Bibi Saru aliikumbuka oda. Lakini mkwe aliyekuamkia kwa adabu utamfukuzaje? Akamvika mjukuu gauni la Krismasi, akamkabidhi.

Wakesho aliporudi na kumkosa mtoto, akakimbilia kituo cha polisi. Koplo Mutinda akasikiliza, akaamini kila neno. “Sasa niandike nini, madam? Wizi? Baba haibi chake. Hiyo ni domestic, mambo ya nyumbani.”

“Afande, oda hii hapa!”

“Inasema mtoto alale kwako. Jua limetua?”

Mpakani, Afisa Odera akakagua cheti cha kuzaliwa. Halali. Jina la baba, halali. “Mbona analia?”

“Anamtaka mama yake. Tunamfuata ng'ambo.”

Jicho lile liliyaona machozi, ila machozi hayana muhuri. Akagonga wake. “Safari njema, baba Mghoi.”

Wakesho alifika jua likizama. Odera akaisoma oda, akaonyesha mstari wa rangi barabarani. “Pole sister. Karatasi yako inaishia hapo.”

Wakesho akaketi palepale. Watatu wakaja kumpa pole.

“Nilimheshimu mkwe,” akalia Bibi Saru.

“Niliheshimu oda,” akasema koplo.

“Niliheshimu cheti,” akasema Odera.

“Na Mghoi?” akauliza Wakesho. “Nani alimheshimu Mghoi?”

Haya, wasikilizaji. Kati ya watatu hawa hakuna aliyedanganya, hakuna aliyehongwa. Bila mmoja wao, mtoto asingevuka. Nani kati yao amrudishie Wakesho mwanawe? Je, wewe ungeamua vipi?

Na nyinyi waheshimiwa, mnaolipwa kusinzia bungeni huku sisi wenye digrii tukisinzia bure, amkeni. Andikeni: baba huiba, mama pia huiba, mtoto si kitu cha mtu. Na mtoto akiibwa, mpaka ufungwe kabla jua halijatua.